Almasi Iliyopigwa Nyundo

Mpaka leo nikisikia mtu anagonga msumari, meno yananiuma. Siyo woga, ni hasira. Baba mkubwa wangu, mtu mzima mwenye jeep na kitambi cha kuheshimiwa, alichukua jiwe la dada yangu, jiwe lililokuwa liwekwe kwenye pete yake ya uchumba, akalilaza juu ya saruji ya baraza yetu hapa Muheto, akalipiga nyundo. Mchana kweupe, wageni wanatazama. Na kabla vumbi halijatulia, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba dada haolewi.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikiandika na hasira narukaruka kama panzi. Hata prof wetu wa Kifaransa analalamika.

Dada ndiye mkubwa, mimi namfuata. Yeye alipewa subira, mimi nilipewa mdomo. Kijana aliyemtaka ni wa Walikale, anachimba dhahabu kwenye mito ya huko. Walijuana alipokuja Masisi kununua fromaji, yaani jibini zetu, za kwenda kuuza kwao. Alinunua fromaji nyingi kuliko uwezo wake wa kuziuza, nikajua mapema kwamba hajafuata maziwa. Nilianza kumwita shemeji kabla hajasema neno. Alikuwa anaona haya mpaka masikio.

Walipopatana, walishuka Masisi kuchagua pete, nami nikaenda kama askari wa kuwalinda wasishikane mikono. Tuliingia dukani kwa mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa Butembo, anayeuza misumari, sabuni, rozari na pete, vyote juu ya meza moja. Akatutolea pete kwenye sinia.

"Shika hii, mwanangu. Iko inawaka kama taa ya jeep."

"Mama, hii jiwe yake iko nini?" dada akauliza.

"Iko kioo. Sitakudanganya, asubuhi nimetoka misa."

"Itakaa?"

"Ukifua, vua. Ukisonga bugali, vua. Ukinawa, vua."

"Sasa ataivaa wakati gani?" nikauliza. "Akilala?"

"Akilala avue pia, asikwaruze bwana."

Tulicheka wote, isipokuwa shemeji. Yeye alikuwa anabandua kifuniko cha nyuma cha telefone yake. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi cha plastiki, na ndani ya plastiki kulikuwa na kijiwe kidogo kuliko punje ya hindi, rangi ya chai iliyopikwa na bahili.

"Hii nilipata mwenyewe mtoni," akasema. "Iko almasi."

"Hii?" nikasema. "Inafanana na sukari guru iliyotemwa."

Dada alinikanyaga mguu. Shemeji hakukasirika. Alitueleza jinsi wenzake wanavyoitambua. Unapaka mafuta ya mgando juu ya ubao, unamwaga kokoto zenye maji juu yake. Mawe mengine yote yanateleza na kwenda zake. Almasi inakataa maji, inang'ang'ania mafuta.

"Kama mimi sikukuu," nikasema.

Akaliinua juani ili dada achungulie. "Sikufichi. Wanunuzi wa Goma walikataa kuichukua. Wanasema rangi yake iko mubaya na tumbo yake iko chafu. Angalia hapa katikati, kuna nukta nyeusi, na pembeni yake kamustari kamepita. Iliyo bora ni nyeupe kama maji, na haina kitu ndani."

Dada alichungulia kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Hii njo nataka," akasema. "Na hiyo nukta isitolewe. Siku ikipotea, nitaitambua."

Basi. Pete ikawa imechaguliwa. Shemeji alikuwa na dhahabu yake kidogo, na kuna sonara huko Hombo ambaye angemviringishia pete na kulishikisha hilo jiwe. Mama wa duka hakuuza kitu, lakini alimbariki dada na kumpa peremende, mimi akaninyima kwa sababu ya mdomo.

Lakini kwetu, kijana akileta kitu cha posa, hakivaliwi mpaka mkubwa wa ukoo akione na kukikubali. Mkubwa wa ukoo wetu ni baba mkubwa. Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Lazima mumjue. Baba mkubwa ananunua kasiterite, ule mchanga na mawe meusi ya bati yanayotoka Walikale kwa magunia. Wachimbaji wengine ni wajanja, wanachanganya mawe ya bure ndani ya gunia. Kwa hiyo wanunuzi wana desturi yao: wanachomoa bonge moja, wanalipasua kwa nyundo, wanaangalia ndani. Likiwa limejaa weusi mpaka katikati, wananunua. Likiwa na tumbo la udongo, wanafukuza mtu. Nyundo ya baba mkubwa inasafiri kwenye jeep, kiti cha mbele, na mama mkubwa anakaa nyuma. Amepima hivyo kwa miaka mpaka akaamini kila kitu duniani kinapimwa hivyo. Watu nao wangepasuliwa, kama sheria isingekataza.

Na ana kitu kingine. Ana jiwe kubwa jeupe, refu, lenye pembe, kubwa kama moyo wa mbuzi, analolitembeza ndani ya soksi. Alilinunua zamani kwa mchimbaji fulani, na anasema ni almasi. Kila harusi na kila kilio, baba mkubwa lazima atoe soksi mfukoni. "Hii njo pensheni yangu," anasema. Wazee wanaguna kwa heshima. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini pensheni inanuka miguu, nikachapwa.

Siku ya posa, wazee wa ukoo walikaa na baba mkubwa barazani, na shemeji akafika na mjomba wake, wakiwa na matope mpaka magotini kwa ajili ya barabara. Dada alikuwa jikoni, maana binti haonekani mpaka aitwe. Mimi nilikuwa napeleka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo nilikuwa naingia na kutoka na kusikia kila kitu.

Shemeji alifungua plastiki yake. Baba mkubwa alilitia jiwe kiganjani, akalipimapima uzito, akacheka puani.

"Hii? Hii njo ulifunga nayo safari?"

"Ndiyo, Papa. Iko ndogo lakini iko ya kweli."

"Ya kweli!" Akatoa soksi. Akaweka moyo wa mbuzi juu ya meza, pwaa. "Ya kweli iko hivi. Angalia weupe. Angalia urefu. Yako iko na rangi ya mukojo."

Wazee wakacheka. Shemeji akaeleza mambo ya ubao na mafuta. Baba mkubwa hakumwacha amalize.

"Mimi sipimi mawe na mafuta ya mboga. Almasi haivunjike. Kila muntu anajua. Kama iko almasi, nyundo itaruka."

"Papa, usipige," shemeji akasema, na hapo sauti yake ilibadilika. "Iko ngumu, lakini inapasuka. Ile mustari ya ndani..."

"Unaona? Anaogopa!" baba mkubwa akawaambia wazee. "Muuzaji wa ukweli haogopi nyundo."

Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu mkononi. Nilijua shemeji anasema kweli. Mwaka huo prof wa jeografia alitufundisha ngazi ya ugumu wa mawe, kutoka ulanga mpaka almasi. Niliuliza kichwa cha prefe, mkuu wa shule yetu, kinakaa ngazi ya ngapi, akanipa adhabu ya kuinakili ngazi yote mpaka kidole kikaota sugu. Kwa hiyo naijua. Na alisema, nakumbuka vizuri, kwamba jiwe gumu ni lile linalokwaruza mengine. Hakusema ni lile lisilopasuka. Sahani pia inakwaruza, na iangushe uone.

"Papa mukubwa," nikasema, "ugumu siyo..."

"Weye mimina pombe."

Nikatazama baba yangu mzazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, anaangalia viatu vyake. Jiwe ni la binti yake, nyumba ni yake, saruji ni yake. Akaendelea na viatu. Hasira yangu nyingine iko hapo, na nimemwambia mwenyewe, kwa hiyo simsengenyi.

Nyundo ilitolewa kwenye jeep, ikashuka mara moja tu. Kah! Pahali palipokuwa na jiwe pakabaki unga na vipande vyenye kumetameta, vimetawanyika kwenye vumbi la baraza.

"Imekufa," baba mkubwa akasema, kwa furaha, kama mtu aliyeua nyoka. "Kioo! Huyu muntu ametuletea kioo. Simama, rudi kwenu na mujomba wako. Binti wetu haolewi na muongo."

Mjomba wa shemeji alisimama na kuchukua kofia yake. Shemeji hakusogea. Alitazama ile saruji kama mtu ambaye mbuzi wake amekanyagwa na lori, na mwenye lori anamdai taa.

Hapo dada akatoka jikoni. Hakuitwa.

Mkononi alikuwa na ule ubao wa kukatia sombe, majani ya muhogo, ameupaka siagi nzito, ya ng'ombe zetu. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Alipiga magoti katikati ya wanaume, akakusanya lile vumbi lote kwa kipande cha jani la mgomba, mchanga, unga, makombo ya karanga, akalitia ndani ya kikombe cha maji. Wazee walianza kuchekacheka. Mmoja akasema, "Sasa anapika nini huyu?"

Dada aliinamisha ubao na kumwaga kikombe taratibu. Mchanga ukateleza na maji. Makombo yakateleza. Saruji iliyomeguka ikateleza. Vipande vitatu vikabaki vimeganda kwenye siagi. Akamwaga maji mengine juu yake. Havikuondoka.

"Mukwe wenu hakudanganya," akasema. Hakupaza sauti, akauinua ubao wazee wauone.

"Mafuta yanashika kila kitu," baba mkubwa akasema. "Hiyo ni mambo ya jikoni."

Mimi hapo nikaona moto. Niliweka kibuyu chini, nikachomoa kipande kikubwa kwenye siagi, nikakibana katikati ya kucha zangu. Kwa mkono mwingine nikanyakua pensheni mezani.

"Papa mukubwa, hii yako haijapigwa nyundo hata siku moja, sivyo?"

"Rudisha!"

"Nyundo ninayo hapa karibu. Nijaribu?"

Aliruka kama ameketi juu ya siafu. "Usiguse nyundo! Wee mutoto, usiguse!"

"Unaona? Anaogopa," nikawaambia wazee.

Sikupiga. Mimi si mjinga kama yeye. Nilikandamiza kile kipande juu ya ubavu wa lile jiwe lake jeupe na kukivuta. Kikalia krrr, kikaacha mstari kutoka pembe hadi pembe. Nikavuta mwingine, ukawa msalaba.

Baba mkubwa alininyang'anya. Akatema mate juu ya jiwe, akasugua kwa shati lake la sikukuu. Akasugua tena. Msalaba ulibaki.

"Almasi haikwaruzwe na kioo," nikasema. "Lakini almasi inakwaruza mawe yote. Yako ni kwazi, Papa mukubwa. Ile inayotoka na kasiterite yako mwenyewe. Munaitupa kila siku."

Aliinua mkono anipige. Na kwa kweli nilikuwa nimefumba macho tayari kupokea.

"Kaka, ukae."

Ilikuwa sauti ya baba yangu. Nilifumbua jicho moja kuhakikisha.

"Ukae," akarudia. "Huyu mutoto ni wangu. Na huyu binti mwenye ubao ni wangu pia." Kisha akamgeukia mjomba wa shemeji. "Papa, weka kofia yako chini. Tulikuwa tumefika kwa mbuzi wa mahari."

Wakaongea mambo ya mbuzi. Baba mkubwa alikaa, soksi juu ya magoti, hakuomba msamaha kwa shemeji, hakuomba kwa dada, hakuomba kwa mtu. Mtu anavunja kitu ambacho hakipatikani tena, halafu anauliza kama nyama imeiva. Nilimwekea kipande cha mfupa usio na kitu. Hiyo tu ndiyo nguvu niliyokuwa nayo.

Wazee wengine waliniambia baadaye nishukuru Mungu, kwa kuwa mambo yameishia vizuri. Yameishia vizuri kwa nani? Nukta nyeusi ilipotelea kwenye unga. Dada aliitafuta jioni nzima kwenye vile vipande vitatu, akivigeuzageuza juani, jicho moja limefumbwa, na haikuwepo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi wa jiko.

Sonara wa Hombo alilishikisha lile pande kubwa kwenye dhahabu ya shemeji. Ni kama ukucha wa mtoto mchanga, na upande mmoja ni mkali, hakuweza kuufanyia kitu. Dada aliambiwa anaweza kungojea jiwe lingine. Alikataa.

Siku ya harusi baba mkubwa alikuwepo, amevaa kizungu. Alikuwa anazunguka na chupa, anawaambia wageni waliotoka Kibabi, "Mutazame ile pete. Almasi kamili. Mimi njo niliipima."

Nilitaka kwenda kumjibu. Dada, na vazi lake jeupe, akanishika bega. "Tulia," akasema. "Weye utamwaga soda."

Akainuka yeye mwenyewe. Nikamwona anaizungusha pete kidoleni, upande mkali ukageukia ndani ya kiganja. Akaenda mpaka kwa baba mkubwa, akapinda magoti kwa heshima zote kama alivyofundishwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, na kuutikisa, na kuutikisa.

"Asante, Papa mukubwa," akasema. "Asante sana kwa kutupimia."

Alipomwachia, baba mkubwa alifungua kiganja chake na kukitazama.