Chini ya Sifuri

Tarehe 9 Februari, jua kali, upepo hakuna. Mpima kina wa bwawa la mji wetu hushuka ngazi polepole, hugusa namba kwenye nguzo kwa kidole kimoja, hunong'ona, nami huandika. Siku hiyo maji yalikuwa yameshuka kupita sifuri, namba ya chini kabisa.

“Andika hasi moja.”

“Kaka, namba zimeisha. Sasa unasoma tope?”

“Nikisema sifuri kila siku, dada, watu watadhani maji hayapungui.”

Asubuhi iliyofuata alishuka na rangi ili aendeleze namba. Alipokwangua tope kwenye nguzo akakuta hasi moja imeshachongwa, na chini yake, majini, mkono wake ukahisi hasi mbili. Akaendelea kushuka akizitaja, mpaka maji yakamfika kidevuni, na namba zilikuwa bado zinashuka.