Kaka Yuko Shambani

Juzi, nikiwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Korogwe, nilimsikia daktari bingwa wa damu akimpongeza mgonjwa kutoka Kabuku: ile damu iliyotishia kugeuka saratani sasa ilikuwa safi.

"Nitamwambia kaka," mgonjwa akasema, akikunja cheti.

"Kaka yupi?"

"Mwenye cheti. Yuko shambani anafukuza nguruwe. Tangu mlipompima mara ya kwanza, ananituma mimi."

Daktari akavua miwani taratibu. "Na yeye anaendeleaje?"

"Hajambo. Ila siku hizi fizi zinamtoka damu."

Enzi za duka la ushirika, ndugu mmoja alitosha kupanga foleni ya sukari kwa niaba ya nyumba nzima. Sukari sasa imejaa kila duka, tabia imebaki. Nikawatazama wenzangu benchini, nikashindwa kujua nani alikuwa amekuja na damu yake mwenyewe.