Sauti ya Mama Awuor

Siku niliyomwondolea Mama Awuor sauti yake, mwanangu, nilikula chapati mbili na maharagwe, nikalala usingizi mnono. Nakuambia hilo mapema usije ukadhani nilitetemeka, au kwamba moyo ulinionya nikaupuuza. Moyo haukusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Kisumu, na nilijiona nimefanya kazi safi.

Siku hizi mnapiga filamu kwa simu, na mkimaliza mnaituma kabla hata ya kunawa uso. Sisi tulikuwa na kamera moja darasa zima, ya kutumia kanda ndogo, na kanda zenyewe zilikuwa adimu. Kila mmoja alipewa moja, na mtunza stoo hakutoa nyingine. Kila mmoja wetu alitakiwa kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi, na iliyo bora ingepelekwa kwenye mashindano ya wanafunzi. Nilitaka yangu iende. Nilitaka hivyo mpaka nikawa sina habari nyingine mdomoni, na wenzangu wakaanza kunikimbia wakati wa chakula.

Nilikuwa nimepanga chumba Nyalenda. Karibu na mlango wangu palikuwa na kibanda cha maji kilichosimamiwa na mjane mmoja, tukimwita Mama Awuor kwa jina la binti yake wa pekee. Binti mwenyewe alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, na kupiga simu aliruhusiwa mara moja moja tu, dakika chache, mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni.

Maji ya mfereji hayakuwa na saa. Yangeweza kuja asubuhi, yangeweza kuja mchana, yangeweza yasije siku mbili. Yakija, Mama Awuor alisimama mlangoni pa kibanda, mkono kiunoni, akaita: "Pi osebiro. Maji imekuja, watu wa Mungu. Leteni mitungi, na mfunge mlango, wezi pia wanasikia." Sauti yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo kidogo, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama Kijaluo kinavyopanda na kushuka. Ilifika mpaka zile nyumba za mwisho karibu na mtaro. Watoto walimwiga. Mimi uji wangu ulichemka ukamwagika mara nyingi sana kwa sababu ya sauti hiyo.

Nikaamua filamu yangu itakuwa juu yake. Kisa kilikuwa chepesi. Mama wa kibanda cha maji anagombana na jirani aliyeruka foleni, wanakaa wiki nzima bila salamu, kisha jirani anafiwa na mumewe, na yule mama ndiye anayempelekea maji ya kupikia waombolezaji.

Nilipomwomba aigize, alicheka kwanza.

"Mimi na uzee hii yote? Watu wataona nini kwangu?"

"Watakuona wewe, Mama."

Alifikiri kidogo, akiwa bado anafuta mtungi wa mtu. Hakuomba malipo. Aliomba jambo moja, na naomba ulishike vizuri, maana kila kitu kilichofuata kinatoka hapo. "Ukimaliza, unitengenezee moja nitume kwa Awuor. Huko amekaa sana na watu hajui. Nataka anisikie nikiongea kama niko nyumbani, si ile ya simu ya haraka haraka." Nikamwahidi. Nilimpa mkono kabisa.

Tulipiga picha siku mbili. Nilidhani nitamfundisha kuigiza, na kumbe nilikuwa nampotezea wakati. Alipofika mahali pa kumpelekea jirani maji, aliacha maneno niliyomwandikia akasema ya kwake: "Usinishukuru, bwana. Maji ni ya kila mtu, hata wewe mwenye kuruka laini." Kisha akaweka mtungi chini na kumpangusia yule mama vumbi begani. Machozi yalinitoka nyuma ya kamera. Hata leo nikifumba macho naweza kumwona. Kumsikia ndiko kumekuwa kugumu.

Mwalimu wetu alizitazama picha, akazisifu. Halafu akasema waamuzi wa mashindano walikuwa wanataka Kiswahili sanifu, na huenda sentensi tatu nne za yule mama zingetuponza, basi nione kama zinaweza kurudiwa. Sentensi tatu nne. Sitamsingizia mwalimu, kwa sababu mimi ndiye niliyefuta zote.

Nikueleze kwa nini, ingawa naona haya. Nilipotoka kwetu upande wa Sondu kwenda shule ya bweni, wasichana wa mjini walinicheka nilivyosema. Nilikaa muhula mzima nikijibu kwa kichwa. Baadaye nikajifunza kusema kama watangazaji wa redio, nikajivunia, nikadhani lile jambo nimelizika. Sasa nikiwa kwenye chumba cha kuhariri, kila Mama Awuor alipofungua kinywa nilikuwa najisikia mimi mwenyewe, yule Akinyi wa shule ya bweni. Nilimwonea aibu mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana wa Mombasa, Zuhura, mwenye Kiswahili kitamu na moyo wa kusaidia. Alikaa na mimi jioni mbili akisema maneno ya Mama Awuor kwa kufuatisha midomo yake kwenye kioo cha kompyuta. Ile sentensi ya maji ikawa, "Usinishukuru, ndugu yangu. Maji ni haki ya kila mja." Ikapendeza. Zuhura aliniuliza kama mwenyewe anajua. Nikamwambia atafurahi.

Kisha ikaja kazi ya kuitangaza. Nilitaka video fupi ya tangazo, ionyeshwe chuoni na kwenye duka moja la kukodisha filamu pale mjini, na kanda tupu sikuwa nayo. Iliyokuwepo mezani ilikuwa ile ya Mama Awuor. Picha zake nilikuwa nimeshaziingiza kwenye kompyuta ya chuo, na sauti nilikuwa nimeifuta, kwa hiyo nikaona kanda haina kazi tena. Nikairudisha mwanzo, nikavaa blauzi yangu ya kung'aa, nikasimama kando ya ziwa, nikajirekodi juu yake. Nilikosea kosea, nikarudia, nikarudia tena, mpaka kanda ikaisha.

Kuionyesha mara ya kwanza nilipanga ukumbi wa kanisa la pale mtaani, na Mama Awuor naye alinitangazia bila kuombwa. Wiki nzima, kila maji yalipokuja, aliongezea: "Na Jumapili mje kanisani muone mimi kwa sinema." Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Alikaa mbele na akina mama wa kwaya, amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi na kitambaa kipya cha kichwa.

Alionekana kwenye ukuta, watu wakapiga makofi. Akafungua kinywa, akatoka Zuhura.

Mtoto mmoja akacheka, wakacheka watoto wote, wakacheka na wakubwa. Mtu akasema kwa nyuma, "Leo Mama Awuor ni wa Mombasa." Mwenyewe alicheka pia, mwanzoni. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kuonyeshea picha, namwona kwa upande. Baadaye mkono wake ukaenda shingoni, akaushika pale pale kwenye koo, na haukutoka mpaka mwisho. Hakuondoka. Alitazama yote, dakika kumi zote, na ilipofika ile sehemu ya maji aliinamisha kichwa.

Nilimkuta nje. Ningeweza kusema samahani wakati ule. Badala yake nilimuuliza ameionaje.

"Huyo msichana anaongea vizuri," alisema. "Sasa si ungemchukua yeye tu, nyathina, mtoto wangu? Mimi ulikuwa unanitakia nini?"

Nikaanza kueleza habari za waamuzi. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza daktari, kisha akauliza swali moja la mwisho.

"Na Awuor nikimtumia hii, atasikia nani?"

Hakuja kuchukua nakala yake. Filamu ikaenda mashindanoni, ikashika nafasi ya tatu, na lugha yake ikasifiwa. Nikapewa cheti.

Pale kibandani mambo yalibadilika kimyakimya. Maji yakija, Mama Awuor alikuwa anafunga kitambaa chekundu kwenye bomba, basi. Mwenye macho na aone. Watu wa kule karibu na mtaro walikuwa wanakuta yameshakatika, wakaja kulalamika, wakamwomba aite kama zamani. Aliwaambia koo linamsumbua. Mimi nilianza kuchota maji mbali, na nikibeba mtungi napita njia ya nyuma ili nisionane naye. Mwezi wa tatu nikahama Nyalenda kabisa.

Nilipanga kurudi kumwomba msamaha. Nilipanga Krismasi, nikapanga Pasaka. Nikapata kazi ya kupiga video za harusi, nikasema nitakwenda nikiwa na nafasi, na nilipokuwa na nafasi nilikuwa sina uso. Miaka minne ikapita hivyo. Siku moja nikakutana sokoni na mmoja wa akina mama wa kwaya, akaniambia presha imemchukua Mama Awuor, na kwamba wanamzika kwao, hapo mbele kidogo ya Sondu.

Nilikwenda. Nilisimama nyuma kabisa, mvua ikinyesha. Watu waliosimama kumzungumzia walikuwa wengi, na karibu kila mmoja alijaribu kuiga alivyokuwa anaita maji. Hakuna aliyeweza. Awuor hakuwepo, mwajiri wake alimkatalia ruhusa.

Alirudi nchini mwaka uliofuata, akanitafuta mpaka akanipata kwenye duka nililokuwa nimefungua la video za harusi. Mwanamke mrefu, mpole, ana macho ya mama yake. Aliniambia alisikia mama aliwahi kupigwa filamu, na anajua ile filamu yenyewe ina sauti ya mtu mwingine, mama alimwambia kwenye simu na hata wakacheka. Hicho hakikuwa anachokitaka.

"Dada, najua nyinyi mnakuwa na ile ya kwanza, yenye hamjakata," alisema. "Picha si lazima. Nataka tu mahali anaongea. Nilikuwa huko miaka tisa, na sasa nikijaribu kumkumbuka nasikia maneno, lakini si yeye."

Ningemwambia pale pale kwamba hakuna. Nilikuwa najua. Lakini nilijidanganya kwamba pengine mwisho wa kanda kulibaki kipande, pumzi, kikohozi, neno moja. Nikaitoa sandukuni, nikaazima kamera ya zamani, tukakaa wawili tukaiwasha.

Alitokea msichana mwenye blauzi ya kung'aa, ziwa likiwa nyuma yake. "Karibuni mtazame filamu ya maisha halisi ya mwanamke wa Nyalenda," alisema, kwa Kiswahili kisicho na doa. Akakosea, akacheka, akaanza upya. Akarekebisha nywele. Akaanza upya tena. Niliipeleka mbele, yupo. Nikaipeleka mbele zaidi, yupo bado, anajisifu. Ilikwenda hivyo mpaka kanda ikaishia yenyewe na kioo kikawa cheusi.

Awuor hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikiacha kile kioo cheusi, akanigeukia.

"Ni wewe huyo?" aliuliza. "Ulikuwa msichana mzuri."

Akafunga mkoba wake, akanishukuru kwa Kijaluo, ero kamano, akatoka. Nilimwita mpaka barabarani, na alipogeuka ndipo niliposema samahani niliyopaswa kuisema nje ya ule ukumbi wa kanisa. Aliipokea. Haikumsaidia kitu, na yeye na mimi tulijua hivyo.

Sasa, mwanangu, utaelewa kwa nini juzi nilinyamaza uliponionyesha filamu yako ya yule fundi baiskeli wa Kisian, ukaniomba nikutafutie mtu wa kumsemea kwa sababu ana kigugumizi na Kiswahili chake kimevunjika. Nilikuona umenuna. Ulidhani nakunyima msaada.

Sikutafutii mtu. Rudi kwa yule mzee, na usiende na kamera. Nenda na simu yenye kazi yako, muweke akae, aione na kujisikia yeye kwanza kabla ya mwingine yeyote. Akisema hapa nimeharibu, mpe nafasi aseme tena kwa kinywa chake. Waamuzi wakikunyima alama, acha wakunyime. Utakuwa na filamu nyingine, na yeye huenda hii ndiyo yake ya pekee duniani. Na ile ya kwanza, ambayo haijakatwa, iweke mahali salama hata kama simu imejaa. Futa picha zako mwenyewe kwanza, unazo nyingi mno. Na kama kuna mtu umeshamkosea kwa kazi hii, usingoje Krismasi. Nenda leo na uso huo huo ulio nao.

Haya, nimesema. Mungu akubariki katika kazi uliyoichagua, akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, akuepushe na aibu ya kumwonea haya mtu wako. Na kila utakayempiga picha, akikuona tena njiani, aite jina lako kwa furaha, nawe usiwe na sababu ya kupita njia nyingine.