Masikio ya Mwajuma

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Temeke, kichanga kikizaliwa hakikupakatwa kwanza wala hakikubusiwa. Bibi yangu, mama yake baba, alikishika sikio, akalikunjua, akaikazia macho ile ncha yake. Watu wa pwani wanaijua imani hii: mtoto huzaliwa mweupe, lakini masikio ndiyo yanayosema atakuwa wa rangi gani akikua. Kwa majirani zetu ulikuwa mchezo wa kina mama wanapokuja kumwona mzazi. Wanatazama, wanacheka, wanakunywa uji, wanakwenda zao. Kwa Bibi ilikuwa hukumu.

Bibi alisema sisi ni Waarabu. Babu wa babu yake alikuwa Mshihiri wa kutoka Arabuni, na damu ya mzee huyo mmoja, ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, eti iliwashinda nguvu Wazaramo wote waliozaliwa baada yake. Mimi nilizaliwa maji ya kunde, nywele zimelala kidogo, basi nikawa ushahidi wake. Alinipaka liwa kila jioni ili ngozi ing'ae. Jua lilikuwa haramu kwangu. Watoto wenzangu wakiniita nje, alijibu yeye: "Salma si mtoto wa kucheza na kila mtu." Meno ya utoto yalikuwa bado yananitoka, nami tayari nilikuwa nafundishwa kumdharau mama yangu mzazi.

Kwani mama alikuwa Mngindo wa Liwale, mweusi tii, mwenye sauti iliyowafanya wapita njia wasimame alipokuwa akitwanga huku anaimba. Baba alimpenda, akamwoa, na Bibi akaimeza ndoa ile kama dawa ya mwarobaini. Ikaja vita ya Hitla, na pamoja nayo mgao wa chakula. Serikali ya Mwingereza iligawa hata njaa kwa rangi. Aliyehesabiwa Mwarabu alipata mchele, na Mwafrika akapewa unga wa mahindi. Bibi alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya karani wa mgao, akanivua mtandio ili nywele zionekane. Tukarudi na mchele. Siku ile alipika wali wa nazi na kuacha madirisha wazi, makusudi, harufu iwafikie majirani.

Vita ikiwa bado inaendelea, mama akashika mimba. Bibi akaweka masharti yake: asivae kaniki, asile ukoko, asitazame mkaa asubuhi. Na zaidi ya yote, asimtazame kaka yake. Mjomba Athumani alikuwa kuli bandarini, akikaa Mtoni, na kila Ijumaa alikuja kumjulia hali dada yake. Bibi alishikilia kwamba mimba huchukua rangi ya mtu anayetazamwa sana. Basi mjomba alikaa barazani, mama akafungiwa chumbani, wakawa wanaongea kupitia ukuta wa udongo.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Wanakusalimu sana."

Watu wawili walionyonya ziwa moja wametenganishwa na ukuta, na baba yangu yupo palepale barazani, anakunywa kahawa. Nimetafuta neno la heshima la kuliita jambo hilo. Sijalipata.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akaitwa Mwajuma. Siku ya saba alitolewa nje, ua umejaa kina mama wa mtaa. Bibi akamchukua, akamgeuza upande wa jua, akalikunjua sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Nilisema mie!" alipiga kelele. "Masikio yote meusi! Mama Salma, ulimtazama kaka yako."

Mama hakuwahi kumjibu mkwewe. Siku zote ilikuwa "ndiyo mama", "sawa mama". Siku ile alisimama.

"Sikumtazama, mama. Nimekaa ndani kama ulivyotaka. Mtoto kafanana na mjomba wake kwa kuwa ni mjomba wake. Ulitaka afanane na nani?"

Kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, mwana hutazama kisogo cha nina!" Na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Bibi aropoke lililokuwa moyoni.

"Karani akimwona huyu, mchele ndiyo basi tena! Na afichwe ndani mpaka vita iishe."

"Nimefichwa mie, yatosha," mama alisema. "Mwanangu hafichwi." Akamgeukia baba, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Baba Salma, sema neno."

Baba akayatazama makubazi yake. "Mama ni mama," akasema.

Hata arobaini haikufika. Mjomba Athumani alikuja siku ambayo si Ijumaa, akaingia mpaka chumbani bila hodi, akatoka na dada yake na kichanga. Niliikamata kanga ya mama. Bibi akanishika kifundo cha mkono, akanivuta. "Huyu ni wetu," alisema. Mama alinitazama, kisha akamfuata kaka yake.

Talaka ilifuata. Kwa desturi yetu, mtoto akiachishwa ziwa hufuatwa na watu wa kwao baba. Mwajuma alitambaa, akaachishwa ziwa, akakimbia, na hakuna mtu aliyetoka Temeke kwenda kumfuata. Tuliendelea kula wali.

Wapo waliosema Bibi alikuwa na macho ya kuona mbele, maana Mwajuma alikua mweusi kama alivyotabiri. Wakisema hivyo mbele yangu hadi leo nanyanyuka naondoka. Namlaumu Mwingereza, nitamlaumu mpaka naingia kaburini. Lakini karani aligawa mchele. Sisi watoto tuligawanywa uani kwetu, na bibi yetu mwenyewe, baba yetu akiwa anatazama viatu.

Mama alifariki nikiwa mtu mzima, nina watoto. Nilifika Mtoni nimechelewa, nyumba imejaa, nikazuiwa mlangoni na mama mmoja nisiyemjua. Mwajuma alitoka ndani. Alikuwa na uso wa mama, ule ule.

"Mpisheni," alisema kwa upole. "Ni mtoto wa marehemu. Alilelewa na Waarabu."

Walinipisha. Kisha wakaniletea kiti. Wanawake wote mle ndani walikuwa wamekaa mkekani, Mwajuma katikati yao, nami nikatafutiwa kiti kwa adabu kubwa, kikafutwa vumbi na upindo wa kanga.