Sufuria Isiyopakwa Rangi

Kwetu Misikhu, matanga yakitokea, sufuria za kijiji kizima hukutana. Kila mama huleta zake, waombolezaji wanapikiwa, na mazishi yakiisha zinaoshwa na kurundikwa nyuma ya jikoni, zote zimepauka, zote na kitako cheusi. Ndiyo maana akina mama huziwekea alama mapema: doa la rangi nyekundu ukingoni, au mstari wa kijani uliobaki baada ya kupaka mlango. Bila alama, sufuria yako nzuri itahamia kwa watu na wewe urudi na yenye tundu.

Mama yangu alikataa katakata. "Mtu hapaki mtoto wake rangi ndio amjue," aliwaambia wenzake, nao wakamcheka, wakasema haya, tutaona. Basi wakaona. Alisimama mbele ya rundo, mikono kiunoni, akachomoa zake moja baada ya nyingine, hata ile iliyofunikwa na nyingine ikabaki kipande tu cha ukingo. Nilimuuliza anaangalia nini, kama ni pale ilipobonyea au ni mikwaruzo. Akasema haangalii kitu, anaiona tu. Jibu hilo liliniudhi sana, maana nilidhani ananificha siri.

Mimi mwenyewe alinichomoa hivyo hivyo. Shule ikifungwa jioni tulimiminika sokoni, watoto wengi wa sweta moja ya bluu, na kabla sijamwona pale alipokaa na maharagwe yake, tayari alikuwa ananiita. Ati nani mwingine anatembea akifagia barabara? Mguu wangu wa kushoto hutupika nje kidogo, nimeurithi kwa marehemu baba, na mama hakuchoka kunitania nao. Nikiwa msichana mkubwa nilijifunza kuunyoosha, niende kama watu wengine.

Mwaka juzi mama alipatwa na kiharusi. Alipotoka hospitalini Bungoma nilimchukua nikaja naye kwangu hapa Tuwan, Kitale. Anatembea, anaongea, masengenyo yake yako palepale. Kilichopotea hatukukitambua mara moja. Nilimwekea kikombe cha chai mezani, akakitazama kwa makini, akasema anaona kitu cheupe, kina mdomo, kina sikio ubavuni. Nilidhani ananifanyia mzaha. Alipokigusa, akashtuka. "Ah, si ni kikombe! Mbona husemi?"

Daktari alitueleza kwa upole kwamba macho yake ni mazima. Macho huleta vipande, akasema: ukingo, rangi, kivuli. Huko nyuma kichwani ndiko vipande hukusanywa vikawa kitu kimoja, kisha kitu hicho kikapewa maana yake. Kwa mama, vipande vinafika lakini hakuna wa kuvikusanya. Nilirudi nyumbani nikazunguka nikitazama vyombo vyangu kama mwendawazimu. Kiti kikilala chali bado nakijua ni kiti. Ndoo nikiiona kwa juu ni duara tu, lakini nasema ni ndoo, na kikapu kilichofunikwa kitambaa hakinidanganyi. Kumbe hiyo yote ni kazi, na sijawahi kuitolea jasho.

Vikombe ningevivumilia. Lakini nilipoingia sebuleni nikiwa kimya, mama alinitazama usoni kwa adabu, vile mtu humtazama mgeni, akaniuliza nimetoka wapi. Nikiongea tu ananijua, na anaona haya. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nilitaka kitu kimoja tu: mama anione, ajue ni mimi, bila kusikia sauti yangu.

Nikanunua kitambaa chekundu cha kichwa, nikamwambia mwenye hiki ni mimi. Rangi anaiona vizuri, kwa hivyo mambo yakawa shwari mpaka siku jirani alipokuja kuomba chumvi, naye amejifunga chekundu. Mama alimkaripia kwa kuchelewesha uji, akamwambia akanyage haraka jikoni, na jirani, mcheshi yule, akaenda kweli akaukoroga. Tulicheka wote, na mama alicheka kutuzidi. Kisha nikatoka nje kwenye kamba ya nguo nikalia. Nimekuwa sufuria ya matanga, nilijiambia, mwenye doa jekundu ndiye mtoto.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilifua kile kitambaa nikakianika, nikatoka kununua maziwa kichwa wazi. Niliporudi, mama alikuwa ameketi barazani akiota jua. Nikasimama getini, nikamtazama, naye akanitazama. Sikufungua mdomo, kwa ukaidi tu.

"Karibu," akasema. "Mwenye nyumba ametoka kidogo."

Nilishika pakiti yangu ya maziwa nikakata uani kuelekea mlango wa jikoni, nimechoka, hata sikukumbuka kutembea vizuri.

"Wewe," akaita nyuma yangu. Nikasimama. "Hebu tembea tena."

Nikatembea, nikafika ukutani, nikageuka. Uso wake ulikuwa umefunguka, ameinama mbele kwenye kiti, anaitazama miguu yangu kama aliyekutana na mtu wake stendi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Bado unafagia, bana."

Nikamwambia kitambaa kiko kwa kamba, kikikauka nitakivaa, asihangaike. Akafyonza.

"Hicho mpelekee jirani. Mimi sipaki mtoto rangi."

Nilimpelekea jioni ile ile. Ule mguu nilihangaika kuunyoosha miaka yote ya usichana wangu, nikaogopa hata kupita mbele ya watu kanisani. Siku hizi nikifika kwenye kona ya barabara yetu, ambapo mama akiwa barazani anaweza kuniona, nauachilia ufagie.