Kodi ya Mamkubwa Mahbuba

Nyumbani kwetu Mabela neno kodi lilikuwa na maana moja tu: pesa anazolipa mpangaji. Serikali yetu, kwa neema ya mafuta, haikukata mshahara wa mtu, kwa hiyo kodi nyingine hatukuwa na haja ya kuijua. Mimi Fahd, niliyesomea uhasibu na kulipwa kwa uhasibu huo, nilipaswa kuliona balaa lile likija. Sikuliona.

Mamkubwa Mahbuba, dada yake mama yangu, alirudi kwetu Agosti 2006 baada ya miaka kumi na minane ya Marekani, katika mji wa Columbus. Alikwenda na mumewe, akapika katika jiko la hospitali, akamzika mumewe huko huko mwaka 2003, akaendelea kupika. Alirudi na masanduku mawili ya nguo na moja la karatasi. Mama alitaka kulitupa lile la karatasi. Mamkubwa alilikalia, tena hasa, mpaka chai ikaletwa. Ni mtu ambaye risiti ya nyanya huitia kwenye bahasha na kuiandika tarehe, na mimi nilimpenda sana kwa hilo.

Februari iliyofuata alinitaka nimjazie fomu yake ya mapato ya Marekani, kwani nusu ya mwaka uliopita alikuwa bado kazini kule. Nikaona mstari mpya: aliyekatwa kodi ya simu za mbali tangu mwaka 2003 arejeshewe. Asiye na bili achukue dola thelathini. Mwenye bili ajumlishe, adai alichokatwa.

"Bili nnazo," alisema, akalipapasa sanduku lake.

Asubuhi yake akaenda kunywa kahawa kwa jirani yetu Bi Sayyida, akamwambia kwa furaha, "Narejeshewa kodi yangu, ya miaka mitatu mizima." Bi Sayyida hakuuliza kodi ya nini. Mtu anayekaa kwa ndugu yake analipa kodi gani nyingine? Kufika alasiri mtaa mzima ulijua kwamba Hind, yaani mama yangu, anamtoza dada yake mjane kodi ya chumba, na amemtoza ya miaka mitatu kwa mkupuo, ilhali mgeni mwenyewe hajatimiza miezi saba humo.

Mama akikasirika haulizi. Anapanga sinia. Jioni ile, maneno ya mtaa yalipomfikia, chakula cha Mamkubwa kilipelekwa chumbani, kimefunikwa kawa.

"Mama, kuna nini?"

"Mpangaji hali na wenye nyumba," alisema, akaendelea kupakua wali.

Zikapita siku tatu za sinia. Siku ya nne Mamkubwa, ambaye naye hakuuliza, maana wametoka tumbo moja, akaanza kufunga masanduku ahamie Ansab kwa binamu yetu Shatha. Nilimkuta anakunja nguo na kufuta macho.

"Nimemchosha mama yako," alisema. "Angenambia tu."

Niliogopa kweli. Nilijua akitoka vile, wale wawili hawatasemezana tena mpaka mmoja wao azikwe. Nikalibeba sanduku la karatasi hadi jikoni, nikambwagia Mama bili mezani.

"Kodi yenyewe hii hapa. Ya simu. Serikali ya kule ilimkata kila alipopiga simu ya mbali, sasa inamrejeshea."

"Huo ushuru," alisema Mama. "Kama ni ushuru, si angesema ushuru?"

Alivaa miwani, nadhani kwa nia ya kunikosoa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Kidole kikasimama.

"Hii nambari yetu."

"Ndiyo."

"Kila Ijumaa. Dakika moja. Dakika moja. Dakika moja." Akaangalia tarehe. Ulikuwa mwaka ule wa kufiwa. "Da Mahbuba," aliita, kwa sauti ya kufika barabarani, "njoo hapa."

Mamkubwa alikuja na kanga mkononi.

"Ndiye wewe uliyekuwa ukipiga ukinyamaza?"

Mamkubwa alitazama sakafu. "Ukishasema alo, sijui nianzie wapi. Nnasikiliza sauti yako, nakata."

"Na nikikupigia mimi unasema uko salama."

"Ningesema nini, nawe uko huku?"

"Mimi nikidhani mhuni. Nilikuwa nakutukana, dada."

"Kila Ijumaa. Siku moja ulimtukana na mama yangu."

Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Mimi niliona machozi tu. Alimvuta dada yake kwa ile kanga, akamkalisha, akampakulia wali kwenye sahani yake mwenyewe.

Nilisubiri kidogo, kisha nikanyoosha mkono nichukue bili nijumlishe. Mama akazikusanya zote, akazikumbatia.

"Hizi hazendi Marekani."

Nikamweleza kwamba haziendi popote, nazisoma tu.

"Hazisomwi," alisema.

Nikajaza dola thelathini.