Mwizi wa Spidi

Majirani walimbandika jina la Bi Spidi, na lilimkaa hasa. Ukipishana naye kwenye ngazi, kabla hata salamu hazijaisha, ameshakuuliza: "Kwenu mtandao ukoje?" Ndani kwake, kila akipata nafasi alipima spidi, kama mama anayempapasa mtoto paji la uso kuona kama homa imeshuka. Usimcheke bado. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima akiwa nyumbani, vipokea sauti kichwani, meza ameibana kwenye kona ya chumba cha kulala. Mtandao ukikatakata, mteja anasikia "ha... ha... subi...", anakata kwa hasira, halafu bosi anapiga simu. Na bosi alikuwa ameshapiga, wala si kwa kumjulia hali.

Mtandao ulianza kuzorota wiki ileile mdogo wake alipokuja kukaa. Alikuwa amemkimbia mumewe, mwanamume wa kupiga bila hata kujisumbua kutafuta sababu. Alifika na mkoba mmoja, na mgongo ambao Bi Spidi mwenyewe alikaa kuukanda kwa maji ya moto huku machozi yakimtoka. "Hapa ndipo kwako sasa," alimwambia. Aliyasema kwa mdomo wake, msije mkadhani ninamsingizia.

Sasa, mtandao wa nyumba ile uliingia kwa kebo nene ya televisheni, ile yenye uzi wa shaba katikati. Ilitoboa ukuta wa sebuleni, ikapita nyuma ya samani, ikaenda hadi kwenye modemu mezani kwa Bi Spidi. Mtu mwenye akili zake angeanza na kebo: imechubuka wapi, kichwa chake kimekaza au kinachezacheza? Bi Spidi alianza na watu. Alizima modemu na kuiwasha, hali ikawa ileile. Akamkataza mumewe kutazama mpira. Ileile. Basi akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa akijifunza kushona kwa kutazama video ili siku moja ajitegemee.

"Wewe ndiye unayeninyonya."

"Dada, leo sijafungua hata moja."

"Lete hiyo simu."

Akaizima, akaifungia kwenye droo. Mtandao ukazidi kujikokota. Hapo, jamani, hata kuku angeelewa kwamba simu iliyozimwa ndani ya droo hainyonyi kitu. Bi Spidi yeye alichoelewa ni kwamba mdogo wake ana simu nyingine kaificha. Akaumwaga mkoba wake sakafuni, sidiria na kila kitu, shemeji wa watu ameketi palepale, hajui aweke wapi macho. Simu ya pili haikuonekana.

"Ita fundi kwanza," mumewe akasema.

"Fundi wa nini, na mwizi ninamjua?"

Bosi akapiga tena: sauti ikikatika mara nyingine moja tu, kiti chake atapewa mtu mwingine. Bi Spidi akatoka chumbani macho yamemwiva.

"Fungasha."

"Niende wapi, dada?"

"Umeolewa. Una kwako."

Mdogo wake alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Alilikunja shuka alilokuwa akijifunika, akaliweka vizuri juu ya kochi, akakabidhiwa simu yake mlangoni. Bi Spidi alijua anampeleka kwa nani. Alijua kuliko mtu yeyote, maana mgongo ule aliukanda yeye. Akafunga mlango.

Kesho yake akapima. Spidi ileile ya kinyonga! Ndipo akamwita fundi.

Fundi alipima pale kebo inapoingilia ukutani: spidi safi kabisa. Akapima kwenye modemu: hovyo. "Basi ugonjwa uko hapa katikati, mama," akasema, akaifuata kebo kwa mkono hadi nyuma ya kabati la vyombo. Akachungulia, akacheka. "Mguu wa kabati umeikanyaga. Imepondeka mpaka ndani. Nani kalisukumia hapa?"

Alikuwa Bi Spidi mwenyewe. Alilisukuma peke yake, anatweta, wiki ile mdogo wake alipofika, kusudi vyombo vya kioo viwe karibu na chumba chake na mbali na mikono ya mgeni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aibu tu, huruma haikuja nayo.

"Fundi, mume wangu akiuliza, mwambie maji yameingia kwenye kebo huko nje."

"Maji? Kwani mvua imenyesha lini?"

"Wewe mwambie hivyohivyo."

Fundi akainua mabega, akavuta kebo mpya, akakaza vichwa vyake, akaenda zake. Spidi ikarudi kama zamani.

Siku ileile simu ikalia. Mdogo wake, kwa video. Picha ilikuja safi, haikuganda hata kidogo. Bi Spidi aliliona jicho la kushoto limefumba kabisa, mdomo umepasuka, damu bado mbichi.

"Dada, sikai sana, yuko nje," alinong'ona. "Nilitaka kujua tu. Mtandao umetengemaa?"

"Umetengemaa."

"Tangu niondoke?"

Sebuleni mume wa Bi Spidi alikohoa. Neno moja tu, "rudi", na mdogo wake angefika kabla chakula hakijaiva. Lakini angerudi kwa sababu gani, aambiwe nini, na aliyelisukuma kabati lile angetajwa nani?

"Tangu uondoke," Bi Spidi akasema. "Kwani ulidhani ni nani mwingine?"

Mdogo wake akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nisamehe, dada. Wallahi sikujua kama ni mimi."

"Yamekwisha," Bi Spidi akamjibu, akakata, akavaa vipokea sauti vyake, maana kulikuwa na mteja anangoja.